Vanessa alifika MTV. Nauli ya usaili kutoka Usoke analipa nani?

Huku Usoke ukishajulikana kwamba unashika kalamu na kinasa sauti, basi kila kijana anayekutana nawe stesheni au gengeni ana swali lake. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, na mimi nataka kuwa mtangazaji wa TV, nianzie wapi?" Jibu linalotolewa na wakubwa wengi ni jepesi, eti jitume tu, kipaji hakifichiki. Mimi jibu hilo silitoi. Nitaeleza kwa nini, na nitamtumia mtu ambaye wote mnamjua, Vanessa Mdee.

Najua wadogo zangu wanamjua kama Vee Money mwanamuziki, na wengine wanamjua kwa habari za mchumba wake Rotimi na watoto wao wawili huko Marekani. Haya yote yamekuja baadaye. Kabla hajaimba hata mstari mmoja ambao Mtanzania wa kawaida aliusikia, Vanessa alikuwa mtangazaji wa televisheni, tena wa kituo kikubwa. Mwaka 2007 MTV Base, ile MTV ya Afrika iliyokuwa imeanza mwaka 2005, walikuja Dar es Salaam kufanya usaili wa kutafuta ma-VJ, yaani watangazaji wa vipindi vya muziki. Vanessa alizaliwa Arusha mwezi Juni 1988, kwa hiyo alikuwa kwenye umri wa miaka 19 tu. Akaenda, akapita. Mtanzania wa kwanza kuwa VJ wa MTV. Akaanza kuendesha kipindi cha Coca-Cola Chart Express pamoja na wenzake kutoka nchi nyingine, na mwaka 2008 alikuwa Mexico City na kampeni ya Staying Alive wakati wa mkutano mkubwa wa kimataifa wa UKIMWI. Hebu fikiria, umri huo wengi wetu tunakuwa bado tunatafuta hela ya kurudia mtihani.

Mwaka huo wa 2007 ulikuwa wa ajabu kidogo kwa nchi yetu kwenye mambo haya ya kuonekana. Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu kabisa hawa, alikwenda Mexico kwenye Miss Universe akaingia kumi bora. Richard Bezuidenhout akashinda Big Brother Africa akarudi na dola 100,000. Ghafla ikaonekana Mtanzania naye anaweza kuuza sura mbele ya Afrika nzima na watu wakanunua.

Sasa mwaka huo Usoke walikuwa wanaona nini? Waliokuwa vijana wakati huo wananiambia waliona magazeti. MTV Base na Big Brother vilikuwa vya wenye dishi la DStv, na dishi la DStv lilikuwa la hoteli na watu wachache wenye uwezo. Kwa hiyo watu wa huku walimjua mtangazaji wa televisheni kabla ya kuiona televisheni yenyewe, kupitia Ijumaa, Risasi, Uwazi na ndugu zao waliokuja na treni wakiwa wamechelewa siku mbili tatu. Picha ya Richard, picha ya Flaviana, maneno mengi, chumvi nyingi. Umaarufu ulifika Usoke ukiwa umekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa abiria.

Tukumbuke pia kwamba Tanzania Bara tulianza kuwa na televisheni mwaka 1994 tu, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kizazi cha Vanessa ndicho kizazi cha kwanza cha watoto wa Bara waliokua wakiitazama televisheni na kusema "nataka kuwa yule anayeongea pale". Kabla yake ndoto ilikuwa redio. Na kwenye redio, samahani, Tabora hatukuwa nyuma! Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilisikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Shem Karenga alijulikana na watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake. Redio haikujali umetokea wapi ilimradi sauti ifike. Televisheni inataka uwepo pale, mwili mzima, kwenye taa, Jumatatu asubuhi. Na pale ni Dar.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunapomsimulia Vanessa, tunasimulia kipaji, uzuri, ujasiri. Vyote anavyo, sibishi, na mwenye wivu ajinyonge. Lakini angalieni na vitu vingine. Alikulia kwenye miji kama New York, Paris, Nairobi na Arusha. Alikwenda Nairobi kusoma sheria chuo kikuu. Kituo chenyewe kinaendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kwake hakikuwa somo la kukariri ubaoni, kilikuwa lugha ya kuchezea. Usaili ulipotangazwa, aliweza kuusikia, aliweza kuufikia, na alipoulizwa swali aliweza kujibu na kutania bila kutafsiri kwanza kichwani. Kipaji chake kilikuta mlango uko wazi na yeye yuko barazani.

Sasa mchukue binti wa Usoke mwenye kipaji kilekile. Nasema kilekile, maana wapo. Nendeni kwenye harusi za huku mkasikilize wanavyoshika maiki. Yupo mmoja simtaji jina, akiendesha sherehe, hata wazee waliokuja kula pilau na kuondoka wanabaki mpaka saa nane usiku. Huyu binti angesikiaje usaili wa mwaka 2007? Tuseme amesikia. Treni ya Reli ya Kati kutoka huku mpaka Dar ni safari ya zaidi ya kilometa 800, ikiwa haijakwama njiani. Afikie kwa nani? Alale wapi siku tatu za mchujo? Avae nini? Na akishafika mbele ya majaji aambiwe jieleze kwa Kiingereza kwa dakika moja. Sasa hapo mnataka kuniambia kipaji hakifichiki? Kinafichika kabisa wadau. Kinafichika nyuma ya nauli.

Halafu kuna suala la lafudhi, ambalo watu wa Dar hawapendi kulisikia. Ukimsikiliza mtangazaji wa televisheni zetu, awe ametoka Kigoma, Songea au Musoma, baada ya miezi mitatu anaongea Kiswahili cha Kinondoni. Lazima. Lafudhi za bara zilipopata nafasi kubwa kwenye luninga zetu zilikuja kama kichekesho. Nawapenda sana akina Masanja Mkandamizaji, Joti na Mpoki, kuanzia enzi za Ze Comedy pale EATV mpaka walipohamia TBC na kuwa Ze Orijino Komedi. Nimecheka mpaka machozi. Ila jiulize, ni lini umemwona mtu anaongea Kiswahili chenye Kinyamwezi ndani yake, anasoma habari au anamhoji waziri, na hakuna anayecheka? Mtu pekee wa Urambo aliyekuwa akionekana kwenye televisheni karibu kila siku ya Bunge na watu wakamsikiliza kwa heshima alikuwa marehemu Samuel Sitta, Spika kati ya 2005 na 2010, tena mbunge wetu wa huku Urambo Mashariki. Yaani ili Mnyamwezi apewe maiki bila kuchekwa inabidi kwanza awe Spika wa Bunge... natania, lakini natania nusu tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuendesha hadhira siyo kitu kigeni kwenye njia hii. Kabla ya reli, hapa ilipita njia ya misafara kati ya Unyanyembe na Ujiji. Kila msafara wa wapagazi wa Kinyamwezi ulikuwa na kirangozi wake. Wazungu waliopita karne ya 19, Burton akiwa mmoja wao, wamemweleza vizuri: anatangulia mbele na bendera, amevaa kitambaa chekundu, manyoya na ngozi ili aonekane kutoka mbali, na jioni kambini anasimama kuhutubia, anawaeleza watu kesho watatembea vipi, maji yako wapi, anawachekesha, nao wanaitikia kwa kelele. Sasa huyo ni nani kama siyo mtangazaji? Mavazi ya kuvutia macho, maneno ya kushika watu, taarifa za hali ya njia. Hakuteuliwa kwa sura peke yake pia, ilibidi aijue njia na aaminiwe na watu mia kadhaa wenye mizigo.

Na enzi hizohizo wasafiri waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Ilibidi aende pwani arudi ndipo apewe heshima. Ukiniuliza, hilo halijabadilika. Kijana wa Usoke bado anatakiwa aende pwani ndipo aitwe mtu. Tofauti ni kwamba wale wa zamani walikuwa wanarudi.

Naomba nisieleweke vibaya, simlaumu Vanessa hata kidogo. Mlango ukifunguka mbele yako unaingia, hata mimi ningeingia mbio. Na yeye hakulala baada ya kuingia. Aliporudi nyumbani alitangaza redioni Choice FM na kipindi cha The Hitz, akaendesha Epic Bongo Star Search, akaendesha Dume Challenge ya ITV, halafu mwaka 2012 tukamsikia na Ommy Dimpoz kwenye Me and You, na mwaka 2013 akatoa Closer. Albamu yake ya Money Mondays ilitoka 2018. Juni 2020 akatangaza kwenye podikasti yake kwamba anaachana na tasnia ya muziki, akaeleza jinsi shinikizo la maisha yale lilivyomwelemea. Watu walimshangaa sana, wengine wakamtukana. Mimi nilichokiona pale ni kwamba mtu aliyekuwa amezoea kamera tangu ujanani aliweza kusema "basi" mbele ya kamera hiyohiyo. Siyo wengi wanaoweza. Lakini hata hiyo ni fursa, kuwa na mahali pengine pa kwenda ukisema basi. Binti wa huku akifika kule mjini kwa kuuza ng'ombe wa baba, hana pa kurudi. Atavumilia lolote.

Na lolote ndilo linalotokea. Hapa kwetu tumbaku ndiyo hela. Msimu mzima familia inalala macho kwenye mabani inakausha majani, halafu inasubiri malipo ambayo yanakuja yakijisikia. Najua nyumba moja ambayo hela ya msimu ilikwenda karibu yote kwenye ada ya chuo kimoja cha utangazaji, jina nalihifadhi. Binti akasoma, akamaliza, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa. Akaenda kituo kimoja cha redio, nacho nakihifadhi, akaambiwa aanze kwa kujitolea. Wasiojua lugha ya fani yetu, kujitolea maana yake unafanya kazi kama mwajiriwa ila mwisho wa mwezi unapewa pole. Akajitolea mwaka. Akajitolea mwaka wa pili. Nauli na chakula vinatoka wapi? Vinatoka kwenye bani la baba yake. Yaani mkulima wa tumbaku wa Usoke anafadhili kituo cha redio mjini bila hata kujua! Binti amerudi, sasa anauza vocha na anafanya u-MC siku za Jumamosi. Sauti yake ni nzuri kuliko ya nusu ya wanaosoma habari.

Kwenye karatasi mambo yamekazwa zaidi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 ziliweka kiwango kwamba mwandishi wa habari awe na angalau stashahada ya fani hiyo, na waliokuwa tayari kazini wakapewa miaka mitano ya kujirekebisha. Nia naielewa, mimi mwenyewe sipendi makanjanja. Ila shule inayotambulika iko wapi, na ada yake kiasi gani, na aliyeko Usoke anaifikiaje? Kila kiwango kipya kinachowekwa Dodoma au Dar, kwa mtu wa pembezoni ni kilometa nyingine zinaongezwa kwenye safari.

Wengine watasema siku hizi kuna YouTube, mambo ya TV yamepitwa. Kuna ukweli. Millard Ayo alianza kwenye redio, akajenga tovuti yake na Ayo TV, na leo kuna watu wazima wanaoamka asubuhi wakaangalia kwake kabla hawajafungua kituo chochote. Salama Jabir tuliyemzoea EATV na Planet Bongo, halafu Mkasi pale saluni, naye alihamia mtandaoni na Salama Na. Safi sana. Lakini angalieni tena mpangilio: wote hao walipata jina kwanza kwenye vituo vikubwa, wakabeba watazamaji wao wakahama nao. Anayeanza na simu ya mkononi akiwa Usoke, bando linaisha kabla video haijapanda, anaanza na watazamaji kumi na mbili, na saba kati yao ni binamu zake. Inawezekana akatoboa, mmoja kwenye maelfu. Wazazi hawawezi kupanga maisha ya mtoto kwa hesabu ya mmoja kwenye maelfu.

Ufilipino, hawa ambao tamthilia zao mama zetu wanazifuatilia kuliko taarifa ya habari, wana mambo ya kujifunza hapa. Watangazaji wao wengi vijana waliibukia kwenye mashindano ya televisheni yenyewe, kama StarStruck lililoanza 2003 na Pinoy Big Brother la 2005. Ile Pinoy Big Brother haikukaa Manila kusubiri, ilipeleka usaili mpaka Cebu na Davao, kwenye visiwa vingine kabisa vyenye lugha zao. Matokeo yake mtazamaji wa Davao anamwona mtu wa Davao, anapiga kura, anabaki na kituo. Siyo huruma ile, ni biashara. Na hapa nyumbani tusiseme haiwezekani, maana Bongo Star Search ya Madam Rita ilibeba majaji na kamera ikazunguka mikoani kutafuta waimbaji. Waimbaji walifuatwa mikoani. Watangazaji kwa nini wanasubiriwa Mikocheni?

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia ukweli kama ulivyo. Namwambia Kiingereza kisome kama unavyolima, kila siku, kwa sababu milango mikubwa bado inaongea hicho. Namwambia lafudhi yako usiitupe, jifunze ile ya pili na hii ubaki nayo. Namwambia mahali popote utakapoambiwa ujitolee, uliza kwa muda gani, na ukiambiwa "tutaona", rudi nyumbani mapema hela ya baba haijaisha. Namwambia pia Vanessa hakupita kwa bahati tu, na wewe usipopita haitakuwa kwa sababu huna kipaji. Hili la mwisho ndilo ninalolirudia zaidi, maana wanaorudi kutoka Dar wanarudi wakiamini kwamba walipimwa wakaonekana hawafai. Wengi wao hata hawakupimwa. Waliishia getini.

Na kwa wakubwa wa vituo vya televisheni, kama yupo anayepita hapa: treni bado inasimama Usoke. Leteni kamera moja na watu wawili kwa siku moja ya Jumamosi, siyo wakati wa kukausha tumbaku maana hamtapata mtu. Tangazeni wiki mbili kabla kwenye redio za Tabora na kwenye makanisa na misikiti. Usaili ufanyike kwa Kiswahili, hicho Kiingereza mtafundisha baadaye kwa mtakayempenda. Sehemu ya kulala ipo, asali ipo, karanga zipo, na wa kuwapokea stesheni nitakuwa mimi.

Naomba kuwakilisha.